Upepo Mmoja kwa Bendi Tisa

Ijumaa, tarehe 27 Juni 2025, Bi. Nerima Wafula anastaafu baada ya kuitumikia studio yetu ya Sauti ya Bonde kwa miaka thelathini na minne. Aliajiriwa mwaka 1991 kama msaidizi katika chumba cha kunakili kanda, na leo anaondoka akiwa msimamizi wake. Katika muda huo studio imehama mara mbili na kubadilisha wakurugenzi watano. Mashine ya kunakili ni ile ile.

Alizaliwa hapa Nakuru katika nyumba za reli, ambako baba yake, fundi wa treni kutoka Bungoma, alipewa chumba. Alipomaliza kidato cha nne alikuwa akiimba alto kanisani, na ni mwalimu wake wa kwaya aliyemleta kwetu. Miaka hiyo kwaya zilitoka Molo, Subukia na Naivasha kuja kurekodi. Hakuna kanda iliyotoka mlangoni kabla Bi. Nerima hajaisikiliza yote, mwanzo hadi mwisho. Aliita kazi hiyo kuonja mboga.

Kisha zikaja sidii, na baada yake simu. Mashine ya kunakili ilifunikwa kitambaa, tukawa tunawekea birika la chai juu yake. Mkurugenzi mmoja alitaka kuiuza kwa watu wa vyuma kuukuu. Bi. Nerima aliondoa birika, akapangusa vumbi, akamwambia, "Ngoja tu. Hata nywele za afro zilirudi."

Na kanda zilirudi kweli. Mwezi wa Agosti 2014, vijana waliovaa nguo nyeusi kutoka kichwani hadi miguuni walibisha hodi wakiulizia mashine ya kanda. Askari wetu wa mlangoni aliwaambia msiba uko kanisa la pili. Lakini hawakuwa wamepotea. Walipiga muziki wa metal, ule mzito wa chini kwa chini usiochezwa redioni, na mashabiki wake, wa hapa na wa mbali hadi Finland na Brazili, bado hupenda kanda. Walitaka kanda moja ya bendi nyingi, kila bendi na wimbo wake. Ndivyo ulivyoanza mfululizo wetu wa Chini ya Kreta, jina la lile shimo la volkano la Menengai lililo juu ya mji wetu, ambao leo umefikia kanda ya tisa.

Bi. Nerima alijifunza aina za muziki huo jinsi alivyojifunza kwaya. Death metal ni ya kasi, na sauti yake hutoka tumboni. Black metal huuma kama nyuki waliochokozwa. Doom huenda polepole, kama watu waliobeba jeneza kwenye matope. Siku ya kwanza, kijana Jerry wa bendi ya Mifupa alipoanza kunguruma, Bi. Nerima alizima mashine na kumletea maji moto yenye tangawizi.

"Una kifua, mwanangu?"

"Hapana, mathe. Ndiyo sauti yenyewe."

"Basi kunywa hivyo hivyo. Hiyo sauti inakula koo."

Tangu siku hiyo hakuna aliyeruhusiwa kunguruma bila tangawizi. Hata mpiga chapa wetu, Abdirashid, alipata somo lake. Majina ya bendi kwenye jalada la kwanza yalichorwa kama miiba iliyoshikana, naye akidhani wino umemwagika, akaosha mashine mara mbili kabla ya kuja kuuliza.

Lakini siku tutakayomkumbukia zaidi ni Jumamosi, tarehe 8 Machi mwaka huu, bendi zote tisa zilipokutana kupanga kanda ya tisa.

Moja ya bendi hizo ni Ukungu, bendi ya doom ya ndugu wawili kutoka Kabazi. Chesang hupiga gitaa na kuimba, na mdogo wake Kibii alipiga ngoma. Walirekodi kwetu wimbo mmoja tu, mwaka 2023, Bi. Nerima akiwa kwenye mitambo. Januari iliyofuata Kibii alifariki kwa ajali ya barabarani. Ngoma zake hazisikiki mahali pengine popote ila katika wimbo huo, na wimbo una dakika kumi na tisa.

Nyimbo zilipojumlishwa, zilizidi kanda ya dakika tisini kwa dakika sita. Kanda ndefu zaidi zipo, lakini ni nyembamba na hukatika, na Bi. Nerima hakubali kuziuza. Jerry, ambaye wimbo wake hauzidi dakika nne, alikuwa wa kwanza kusema.

"Dakika kumi na tisa? Boss, huu ni wimbo ama ni safari ya Busia?"

Watu walicheka. Chesang hakucheka.

"Kata gitaa yangu yote ukitaka," alisema. "Ngoma za Kibii haziguswi."

Jerry aliinamisha kichwa. Lakini bendi mbili zilisema nazo hazikati chochote, heri zijitoe. Chesang akaanza kukunja waya wake. "Basi mtoeni Ukungu. Sitaki kuvunja kanda ya watu." Wote tulielewa maana yake. Bendi isiyo na mpiga ngoma haingepata mahali pengine pa kuutolea wimbo huo.

Bi. Nerima alimwomba akae. Akatuchezea mwanzo wa wimbo mmoja baada ya mwingine, ila ule wa Ukungu. Wa kwanza ulianza na upepo. Wa pili, upepo. Wa tatu, upepo na kengele. Wa nne, upepo na mvua. Kufikia wa tano, chumba kizima kilikuwa kinacheka.

"Huu upepo mlitoa wapi?"

"Menengai, mathe. Pale juu ya kreta."

"Nyote?"

Walitazamana. Wote.

"Basi ni upepo mmoja," alisema. "Utavuma mara moja mwanzoni, utoshe nyumba yote. Uliobaki, tumchangie Kibii."

Ikawa harambee, harambee ya sekunde. Abdirashid alisimama juu ya kiti akitangaza kila mchango kwa sauti ya mheshimiwa. Jerry alitoa kwanza, na akatoa upepo wake wote, uliokuwa karibu nusu ya wimbo. Zile bendi mbili zilizotaka kujitoa zilishindana kumpita. Fancy, mwimbaji wa Giza la Mau, alijadiliana kidogo: "Mathe, upepo chukua, lakini kengele nimeitoa mbali." Kengele akaachiwa. Dakika sita zilipatikana na sekunde chache zikabaki. Chesang aliombwa aseme zitumike vipi. Aliomba ziwe kimya, baada ya ngoma ya mwisho.

Kanda ilitoka tarehe 2 Mei, na sasa Mugure, anayeichukua nafasi ya Bi. Nerima, ananakili toleo la pili. Ukungu nao wamepata mpiga ngoma mpya, Shukri wa Bondeni, aliyejifunza wimbo huo kwa kuisikiliza kanda hadi akaujua wote. Wameshaomba siku ya kurekodi.

Kamati ilipomuuliza Bi. Nerima angependa zawadi gani, ilikuwa imeshapiga hesabu ya tangi la maji, kama desturi yetu. Alikataa tangi. Aliomba redio ya kanda, inayotumia betri. Tulidhani ni ya nyumbani kwake, kumbe mama yake Kibii, Mama Jepkemboi, alipelekewa kanda mwezi uliopita, na hana chombo cha kuichezea. Ameiweka kabatini pamoja na vikombe vya wageni.

Redio hiyo iko mezani, imefungwa, na betri zimo ndani. Kesho asubuhi Bi. Nerima na Chesang wataipeleka Kabazi. Amesema atakaa na Mama Jepkemboi dakika zote kumi na tisa, amwonyeshe mahali ambapo mwanawe anaingia.

Bi. Nerima, asante kwa masikio yako na kwa subira yako. Wafanyakazi wenzako wa Sauti ya Bonde tunakuombea afya, mapumziko matamu na safari njema ya kesho. Tusalimie Mama Jepkemboi.