Darubini Ukweni

Wasikilizaji wapendwa, mlio mjini na mlio mashamba, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka Mzee Dionis Lugembe wa Kanyenye, Tabora, aliyezikwa Jumanne iliyopita. Alikuwa mpima damu. Narudia kwa wale ambao redio zao zinakoroma: Dionis Lugembe, mpima damu, wa Kanyenye. Mimi ni Mzaramo, mtani wa Wanyamwezi tangu babu zao walipokuwa wakitua mizigo pwani na kutumalizia nazi zetu. Mtani ana ruhusa ya kuchezea msiba. Nitachezea kidogo, halafu nadhani nitashindwa. Mtanisamehe.

Dionis alizaliwa Ulyankulu, katika nyumba ya wakulima Wakatoliki. Mapadri walimfundisha kusoma vitabu, na watu wa malale wakamfundisha kusoma damu. Malale ni ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o. Kazi yake ilikuwa kuchoma kidole cha mtu, kupaka tone la damu juu ya kipande cha kioo, kulitia rangi, na kulitazama kwa darubini. Ni kazi rahisi kuieleza, lakini ngumu kuishi nayo. Miaka ile watu waliamini kwamba anayechukua damu ni mumiani, mnyonya damu anayewapelekea wazungu. Wanawake walihama njia wakimwona. Ndugu zake waliacha kunywa pombe naye. Pombe hawakuiacha, walimwacha yeye.

Asiyemwogopa alikuwa mmoja tu, mkewe Benedikta, binti wa Igunga. Benedikta aliwaambia watu kisimani kwamba kama mumewe ni mumiani, basi ni mumiani mvivu, maana hanenepi. Mungu akawapa mtoto mmoja, Pelagia.

Mwaka wa 1934 Pelagia alikuwa na miaka sita. Akaanza homa. Homa ikawa inakuja, inaondoka, inarudi. Mtoto akawa anasinzia na tonge mkononi. Dionis akamchoma kidole mwanawe mwenyewe. Na hapo Benedikta, aliyesimama imara siku zote, akaogopa. Damu za watu aliweza kuzicheka. Hii ilikuwa damu ya mwanawe. Dionis alipokwenda kazini kuisoma damu hiyo, Benedikta alimbeba mtoto, akapanda lori, akaenda kwao Igunga.

Dionis alirudi akakuta nyumba tupu. Naye alikuwa amerudi na jibu: Pelagia ana malale, na bila sindano atakufa. Narudia, wasikilizaji wapendwa. Mtoto yuko Igunga kwa bibi yake. Anayejua kwamba anakufa ni baba peke yake.

Sasa kuna utaratibu. Mke akirudi kwao, mume hamfuati peke yake. Huenda na wazee wake, mshenga akitangulia, na jembe la kuombea radhi. Dionis akawaendea baba zake wadogo. Huyu mgongo unamuuma. Yule anangoja kuvuna karanga. Hakuna aliyetaka kusimama ukweni kwa niaba ya mumiani. Basi akamwomba daktari wa kazini kwake darubini ya zamani, akaifunga kwenye baiskeli kwa mipira, akaenda peke yake.

Igunga alipokewa uani na shemeji yake, Jilala. Mama mkwe, Bibi Nyamizi, alikuwa ndani. Na huko, mkwe wa kiume na mama mkwe hawaonani uso kwa uso. Akitokea huyu, yule hupita kando. Kwa hiyo Bibi Nyamizi alimtuma Jilala aseme kwamba mjukuu haondoki. Dionis akamtuma Jilala aseme kwamba anaomba mama atazame tu, halafu aamue.

Kinu kikageuzwa chini juu mlangoni, penye jua, darubini ikakaa juu yake. Dionis akaiweka sawa, akazunguka nyuma ya nyumba. Bibi akatoka, akainama, akaigusa, kila kitu kikapotea. Bibi akaingia ndani. Dionis akarudi, akaiweka sawa, akazunguka tena. Pelagia anakumbuka mpaka leo. Ananiambia, "Nilikuwa nimelala mkekani. Baba anapita, bibi anapita, baba anapita. Nilidhani wanacheza."

Kioo cha kwanza kilikuwa damu ya Dionis mwenyewe. Akaieleza kutoka nyuma ya ukuta, polepole. Damu si maji mekundu, alisema. Ni chembe hai, nyingi kuliko mtama wa ghalani. Kila chembe imefunikwa na utando mwembamba, na utando huo una kazi: huchagua kitu gani kiingie na kitu gani kitoke. Ndani yake mna ute, na humo kazi za chembe hufanyika. Zile kubwa chache, ziitwazo nyeupe, zinazopigana na maradhi, katikati yake mna doa la zambarau. Hicho ni kiini. Kiini ndicho chenye maagizo: chembe ifanye nini, igawanyike lini, mtoto achukue pua ya nani.

Bibi Nyamizi akamtuma Jilala aulize mbona hizi nyekundu, zilizojaa kila mahali, hazina kiini. Swali zuri. Dionis akajibu kwamba zilikuwa nacho zilipokuwa changa, ndani ya mfupa. Kabla ya kuanza safari hukitoa, zipate nafasi ya kubeba hewa. Baada ya hapo haziwezi kuzaa nyingine. Hubeba hewa mwilini, hubeba tu, mpaka zinachakaa.

Bibi akainua uso kwenye darubini. Mumewe alikuwa amebeba pembe kwenda Bagamoyo zamani, kabla ya reli, na hakurudi.

"Basi hawa ni wapagazi," akamwambia Jilala.

Kisha kioo cha pili, damu ya Pelagia. Chembe ni zilezile, nyekundu na nyeupe. Lakini katikati yake pana kitu chembamba kilichojipinda, chenye kiini chake, na mkia, na kitone kidogo pale mkia unapoanzia. Dionis akasema kwamba hicho nacho ni chembe hai, lakini si ya mtoto. Kiini chake kinakiagiza kizaane. Mkia wake unakipeleka kote mwilini. Anachokula mtoto, chenyewe kinakila.

Bibi akamtuma Jilala aulize damu nyingine iko wapi, ile iliyopelekwa kwa wazungu. Dionis akasema hakuna nyingine. Yote iliyochukuliwa iko pale kwenye kioo, imekauka. Bibi alitazama tena, kwa muda mrefu. Halafu akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakumtuma Jilala. Aliuambia ukuta mwenyewe.

"Mtoto mchukue akachomwe sindano. Mke hachukuliwi hivyo. Kwa mke, rudi na watu."

Benedikta alikuwa amesimama penye ghala. Alimfunga mtoto kwenye baiskeli kwa khanga aliyoivaa, akakaza fundo.

Pelagia alipona. Dionis akawarudia baba zake wadogo, mavuno haya na mavuno yale. Walikataa. Akaona haya kupeleka habari Igunga kwamba hata kwao hana watu. Akanyamaza. Akahamia Kanyenye, akamlea binti yake. Kila lori la Igunga likiingia, alitoka barazani, kupunga upepo, alisema. Nami mtani wake nauliza, upepo gani, na lile vumbi? Alimtamani mkewe, wasikilizaji. Hakuoa mwingine. Alipika mwenyewe, akionja mchuzi alisema mama yako angeongeza chumvi.

Pelagia alikuwa akienda kumwona mama yake, na kurudi. "Kila mmoja aliniuliza, hajambo? Nami nikajibu, hajambo. Ndoa ya wazazi wako utaiuliza vipi?"

Jumanne Benedikta alikuja kuzika. Ana mvi sasa. Naye hakuolewa tena. Matanga yalipotulia, Pelagia alithubutu. Alimweleza habari za baba wadogo, za mgongo na za karanga. Mama yake alikuwa hajapata kuzisikia. Akasema:

"Mimi mzigo wangu ulikuwa umefungwa. Nilikuwa namngoja aje na watu. Angekuja hata peke yake, ningetoka."

Wasikilizaji wapendwa, hapa ndipo nilipowaambia nitashindwa.

Tunampa pole Pelagia. Tunampa pole Mama Benedikta, na Jilala, na jamaa wote wa Ulyankulu, Kanyenye na Igunga. Baba wadogo mlio hai, poleni na ninyi, mnajua wenyewe. Mungu ampumzishe Dionis Lugembe.

Na wewe unayenisikiliza, huenda yuko mtu amefunga mzigo anakungoja. Usikae kutafuta wa kukusindikiza. Nenda.