Mahali Profesa Lyuben Alipoacha Kuuliza

Baba Padri, ndugu, majirani, na nyote mliopanda kilima hiki kwenye theluji, historia ya marehemu Profesa Lyuben Zhechev Karamihov imetungwa na mjane wake, Nevena, na inasomwa kwa niaba ya familia na mdogo wake Nevena, Metodi, kwa kuwa mwenyewe sauti haimtoki tangu juzi. Ameomba lisipunguzwe neno, hata pale ambapo baadhi yetu tulimsihi apunguze, na dada akishashika jambo lake mnamjua.

Marehemu alizaliwa tarehe 2 Novemba 1930 katika mji mdogo wa Tryavna, mtoto wa pekee wa mchonga mbao Zhecho na mkewe Todora, akasoma hapo hapo mpaka sekondari, na walimu walikuwa wakimtoa nje ya darasa mara kwa mara, si kwa utundu, bali kwa kuuliza "umejuaje?" mpaka kengele inalia. Mwaka 1949 alikwenda Sofia kusomea fizikia, akamaliza vizuri, kisha akaiacha na kuingia falsafa, jambo lililomuuma sana baba yake, kwa maelezo kwamba wenzake wa fizikia walijua mambo mengi lakini hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia kujua ni kitu gani.

Tarehe 15 Septemba 1957 alifunga ndoa na Nevena hapa Plovdiv, akichelewa kanisani kwa sababu alikuwa kwa kinyozi akibishana kama ni kweli nywele zinazokatwa mwezi ukiwa mchanga huota haraka, na tarehe 3 Mei 1960 Mungu akawajalia binti yao mmoja, Zdravka, ambaye amesimama hapa mbele yenu, amefika jana kutoka Lisbon.

Marehemu alifundisha falsafa ya sayansi katika chuo kimoja kuanzia 1958 hadi Machi 1971, aliposimama kwenye mkutano wa walimu na kusema kwamba jambo ambalo watu wamekatazwa kuliuliza haliwezi kuitwa jambo linalojulikana, hata kama ni kweli. Wiki ile ile alifukuzwa, akapelekwa kuwa mpima hali ya hewa katika kituo kimoja mlimani, akakaa huko miaka saba, akishuka nyumbani mara moja kwa mwezi na ndevu zimejaa barafu. Wengi walidhani ameshakwisha, kumbe ni kule alikopata fikra iliyomjengea jina, na aliipata kwa mwenzake wa zamu, marehemu Gencho, mtu mvivu kupita kiasi. Asubuhi moja ya dhoruba, mlango ukiwa umezibwa na theluji, alimkuta Gencho anatangaza kwa simu ya upepo vipimo vya usiku, akamuuliza, "Wewe Gencho, hayo ya nje umeyasoma saa ngapi?" Gencho akamjibu bila aibu, "Profesa, baridi ya huku naisikia magotini. Halafu nimeshaongea na yule wa mlima wa pili, tumekubaliana. Kwani utabiri umewahi kukosea?"

Haukuwahi, na hilo lilimnyima raha, kwa maana kule mjini wakuu waliona milima miwili inasema kitu kimoja, wakaridhika, kumbe wamesikia watu wawili waliopanga neno. Ndipo akaandika kitabu chake cha pekee, kilichotoka mwaka 1992 baada ya kurudishwa chuoni, na kinasema hivi, kwa jinsi Nevena anavyokieleza, na yeye amekisikia kikisomwa mezani mara nyingi kuliko alivyosikia habari za redio: kwamba mkemia anaamini mizani, mtengeneza mizani anamwamini aliyepima mawe ya uzani, na huyo naye ana wake, hivyo kila elimu ina mahali ambapo watu wameacha kuuliza ili kazi iendelee, na mtu mkweli si yule asiye na mahali hapo, kwani hayupo, bali ni yule anayeweza kupaonyesha kwa kidole. Kinasema pia kwamba mashahidi watano wakijibu kwa maneno yale yale, hesabu ni shahidi mmoja, tena wa kutiliwa shaka.

Wanafunzi wake mliopo hapa mnakumbuka mlivyomchokoza, mkamuuliza mahali pake yeye ni wapi. Aliwajibu, "Mke wangu. Nevena akiniambia mvua inanyesha, sichungulii dirishani, nachukua mwavuli." Mlicheka, naye Nevena alipopata habari alitembea mtaa mzima kifua mbele, akawasimulia majirani, na sasa hakuna sentensi inayomchoma kama hiyo.

Marehemu alianza kusumbuliwa na tumbo Februari 1995, akapasuliwa tarehe 20 Aprili, Alhamisi Kuu, wakati nyumba zote zinachemsha mayai mekundu ya Pasaka. Daktari alitoka mapema mno, akawaita Nevena na Metodi kwenye korido, akawaambia kwamba amefungua na amefunga, hakuna cha kukata, ugonjwa umeenea, na akaongeza, "Mama, mgonjwa asijue. Mwambieni ni kidonda cha tumbo, tumekiondoa." Hakuna aliyeshangaa, maana ndivyo tulivyowafanyia baba zetu na mama zetu, na ndivyo watakavyotufanyia sisi, ndugu hubeba habari na mgonjwa huachiwa matumaini, na hakuna hata mmoja wetu aliyejiuliza kama desturi hiyo inamfaa mtu aliyefanya kazi moja tu maisha yake yote. Tukapanga neno, daktari, wauguzi, jirani wa ghorofa ya chini, Metodi na Nevena, wote kidonda, wote kimeondolewa, wote mchuzi mwepesi na kupumzika.

Mwezi Juni, akiwa amekonda mpaka pete inamvuka kidole, alimwita Nevena akamwambia, "Hebu kaa. Nimeuliza watu watano, na wote wamenijibu kwa maneno yale yale. Hilo linanipa wasiwasi." Nevena alijikaza, akamjibu, "Wamejibu sawa kwa sababu ndiyo kweli, Lyuben." Marehemu akauliza polepole, "Basi na wewe nikuulize, au nisikuulize?" Nevena akasema, "Niulize." Akamuuliza, "Nitapona?" Akamjibu, "Utapona." Marehemu akasema, "Sawa, basi nimepumzika," na tangu siku ile hakumuuliza mtu yeyote tena, si daktari, si muuguzi, si sisi.

Kuanzia hapo aliishi kama mtu mwenye miaka mbele yake, na hapa ndipo Nevena alipotaka isomwe taratibu. Kitabu cha pili, ambacho sura zake zote alikuwa nazo kichwani, alikisogeza mpaka apate nguvu, akatumia majira ya joto kusahihisha kazi za wanafunzi na kugombana na fundi wa paa. Mwezi Novemba Zdravka alipiga simu kutaka kuja, naye akamwambia, "Usijisumbue na barabara za barafu, binti yangu, njoo Pasaka, tutachoma mwanakondoo," na Nevena, akihofu kwamba ujio wa ghafla utamfumbua macho mgonjwa, alichukua simu akasema, "Msikilize baba yako." Zdravka alisikiliza. Tiketi yake ilikuwa ya Aprili.

Marehemu alifariki nyumbani kwake Jumanne tarehe 9 Januari 1996, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mkewe, bila kutamka neno lolote kuhusu kifo.

Na sasa Nevena hajui. Kama marehemu alimwamini, basi mtu huyu alidanganywa na yule mmoja ambaye yeye alikataa kumtilia shaka, akaachwa apoteze miezi yake ya mwisho kwenye paa, na binti yake akamkosa. Na kama hakumwamini, basi alijua peke yake tangu Juni, akasema Pasaka na mwanakondoo ili asimwaibishe mkewe, akalala kando yake kila usiku na siri moja, kila mmoja akimficha mwenzake. Anatuuliza sisi, na sisi tunamwambia, dada, alikuwa na amani, na anatujibu kwamba tunajibu kwa maneno yale yale. Aliyekuwa na jibu yumo ndani ya hili jeneza, na kwa mara ya kwanza tangu wamejuana hawezi kuulizwa.

Familia inawashukuru daktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole na kufanya walichofundishwa kufanya, majirani mliopika ngano ya msiba na kuleta mkate wakati mkate wenyewe ni wa foleni, walimu wenzake mliombeba mabegani mkikataa gari, na wote mliotunza siri kwa sababu tuliwaomba. Tunawashukuru kwa kutusikiliza, ingawa hatujui tena kama tuliomba jambo jema.

Mwishoni mwa historia kama hii kuna maneno yanayosemwa, nanyi mnayangoja. Nevena ameomba tusiyaseme yote, kwa kuwa hana uhakika na lile la mwisho, na marehemu hakupenda mtu aseme asichokijua. Kwa hiyo tunasema hili tu.

Pumzika, Lyuben.