Kumuaga Mama Mukantwari, Mupimaji wa Mikono

Citoyen Commissaire wa Zone, Muganga Mukuu wa hospitali yetu, Baba Padri, wazee muliotoka Masisi, na ninyi baba na mama wa mitaa ya Katoyi na Mapendo hapa Goma: nawasalimu wote kwa heshima.

Tumekutana kumuaga Mama Mukantwari, muganga wa viungo, anayestaafu. Nitasema jambo moja tu, nililoliona mwenyewe nilipokuwa infirmier, muuguzi wa wafanyakazi, katika shamba moja la ng'ombe kule Masisi.

Mwaka ule maziwa yalipungua. Direkteri wa shamba, Hategekimana, hakutaka kusikia habari za ukame. Alisema wakamuaji wamekuwa wavivu. Akaagiza kutoka Ulaya chombo cha kupimia nguvu ya mukono: unakibana kwa kiganja, mushale unapanda. Kila alfajiri watu walipanga mustari nje, kwenye ukungu, wakabana. Ambaye mushale wake haukufika alama alirudishwa nyumbani, na wa kwanza kuambiwa atafukuzwa alikuwa mukamuaji mumoja, Sebahire. Akashuka Goma kumuona Mama hospitalini.

"Mama, miye siko muvivu," alimwambia. "Mukono ndiyo inakataa."

Je, ni wangapi kati yetu wangepanda lori mpaka Masisi kwa neno la mutu mumoja? Mama alipanda. Akamwomba direkteri kipimo kirudiwe.

"Chombo hakina uongo," direkteri alisema.

"Hakina, Papa Direkteri. Lakini hakijui kama mutu amesimama kwenye baridi."

Basi akawapima wakiwa nje kwenye baridi, kisha ndani karibu na moto. Wakiwa wamesimama, kisha wamekaa. Mukono umenyooka, kisha umekunjwa kwenye kiwiko. Kabla ya kukamua na baada yake. Mwishoni akaleta beseni la maji ya moto wapashe mikono. Mushale ulipanda, mutu kwa mutu. Ule ulioitwa uvivu ulikuwa baridi.

Wa Sebahire haukupanda. Wenzake walitia vidole majini wakavitoa haraka, maana maji yalikuwa makali. Yeye aliuacha mukono wake mle ndani, anaongea na watu, kama mutu asiyesikia kitu.

Mama alikuwa amekwenda kumutetea mutu huyu, na kipimo chake mwenyewe kikamukatalia. Angeweza kunyamaza, na nani angemuuliza? Alimuita pembeni, akamufumba macho, akamugusa kidole kimoja kimoja kwa unyoya. Viwili havikusikia. Nilikuwa nimesimama karibu.

"Papa Sebahire, wenzako ni baridi. Wewe ni ugonjwa. Nafikiri ni ukoma, na umeanza tu."

Sebahire akauliza: "Watoto wangu nitawashika tena?"

"Utawashika. Dawa iko. Lakini tushuke leo, si kesho."

Kwa direkteri alisema tu kwamba mutu huyu si muvivu, ni mugonjwa, na nafasi yake ingoje. Ilingoja. Katika lori Mama alikaa kando yake, amemushika mukono ule ule, watu wote wakiona.

Chombo kiliwekwa kabatini. Maziwa yaliongezeka mvua iliporudisha majani.

Sebahire ameketi pale, safu ya pili, na ndiye aliyeniruhusu kuutaja ugonjwa wake. Kidole chake kidogo kimebaki kimekunjwa, vingine vinakamua. Jana nilimuuliza niseme nini kwa niaba yake. Akajibu: "Sema aliniambia ukweli, halafu hakuniacha."

Mama Mukantwari, nimesema. Nanyi nyote, asanteni kwa kunipa masikio yenu.