Bi Swalha na Wimbo wa Mabinti wa Vita

Tarehe 30 Juni Bi Swalha Murshid anastaafu, baada ya miaka ishirini na mbili katika ofisi yetu ya mizigo hapa Xiaobei, Uchina. Ndivyo anavyosema. Sisi tunaomfahamu hatutaamini mpaka tumwone amepita ukaguzi pale uwanja wa ndege wa Baiyun.

Alikuwa mkaguzi wa mizigo, na kazi hiyo inamtaka mtu mwenye shaka. Bi Swalha hakuamini lebo, hakumwamini muuzaji, hakuiamini hata mizani. Robota lililoandikwa mashuka alilifungua, akakuta mapazia. Wateja wa Dar walimnunia hapo hapo, kisha wakamshukuru mzigo ulipofika.

Shaka yake kubwa ilimwangukia Bibi Liang, mama wa laoban, yaani bosi mwenye ghala letu. Bibi huyo hukaa mlangoni akigonga kidole kwenye mkono wa kiti, mdundo uleule kila siku. Bi Swalha akaapa kwamba bibi anahesabu mizigo yetu awauzie habari washindani. Akachunguza. Jirani akamnong'oneza kuwa wakati wa vita Bibi Liang alikuwa miongoni mwa wasichana waliofumbua ujumbe wa siri wa adui uliopita redioni, na kwamba waliapishwa wasiseme. Laoban alipoulizwa alijibu "meiyou", hakuna kitu kama hicho, akatukazia macho mwezi mzima.

Jambo hilo lilimuuma Bi Swalha. Mabinti wale wanakwisha, na hakuna aliyewaambia ahsante. Kwa kuwa ndiye kiongozi wa kikundi chetu cha taarab, akatunga wimbo wa kuwasifu, kibwagizo kwa Kichina, na tari akaipiga kwa mdundo wa kile kidole. Mazoezini kila mtu alijishuku. Melania, mwimbaji mwenzetu, alisusa, akidai maneno "mtunza siri" ya wimbo ni kijembe chake yeye. Mimi nilihofia laoban atatufukuza ghalani kwa kumtangaza mama yake.

Siku ya Idi, Bibi Liang alikaa mstari wa mbele kama kwenye harusi zetu zote. Huko harusini alishaelezwa desturi yetu: anayeinuka kumtunza mwimbaji, maneno yamemgusa yeye. Kibwagizo kilipofika, kidole chake kikasimama. Laoban akamshika mkono. Bibi akauchomoa, akaenda jukwaani polepole, akatoa kibanio kwenye nywele zake na kukichomeka kwenye mtandio wa Bi Swalha. Kisha akarudi kukaa. Laoban alilia, nasi tukalia naye. Mpaka leo bibi hajasema neno.

Ahsante, Bi Swalha, kwa macho yako makali na kwa wimbo ule. Vyombo vyako vimeshakwenda bandari ya Huangpu, ukiwa umekagua kila boksi mwenyewe. Kibanio umekataa kukipakia, unasafiri nacho kichwani, maana hata sisi hutuamini.

Uishi kwa raha na afya huko Unguja. Watu watakuuliza umekipata wapi. Tunajua hutawaambia.