Kadi ya Shuaib

Benchi letu liko karibu na soko la mifugo, Garissa, nje ya kibanda cha Maka, mama anayetuuzia kahawa ya tangawizi na kutuvumilia. Mwaka huo wa tisini na sita tulikuwa watatu wa kudumu: Olow, dereva wa lori la ng'ombe, tuliyemwita Beria kwa kuwa alijua kila kizuizi cha polisi hadi Nairobi, Maalim wa madrasa, jina la utani Redio, na mimi, karani mstaafu, ninayewasomea watu barua na sipendi kukatizwa. Asubuhi hiyo Salah alileta barua ya mdogo wake Shuaib, daktari wa ngamia anayefundisha chuo kikuu huko Norwe. Shuaib hakuwa amekanyaga nyumbani miaka tisa, na mama yao macho yanafifia. Aliuliza: nije sasa au ningoje mwakani?

— Kuna karatasi nyingine ndani, nikasema. Ofisi ya wageni ya chuo inamshauri. Visa yake ya kurudi kazini itaisha akiwa huku. Lazima aombe nyingine ubalozini Nairobi, awe na barua ya mkuu wake. Akichelewa masomo yakianza, kazi inaweza kwenda.

— Asikuje, akasema Salah kwa sauti ya kuchoka. Akikwama hapa, sisi ndio tumemharibia.

— Wacha uoga, walaal, akasema Olow. Ubalozi ni beria tu. Unashuka pole pole, unasalimia afande, unauliza watoto. Karatasi unatoa moja, unangoja.

— Huko hakuna afande, nikasema. Kuna dada kwa dirisha ya kioo.

— Basi anasalimia huyo dada.

Maalim akashusha kikombe.

— Mimi nasema abebe picha ya ngamia mgonjwa. Waone kazi inamngoja.

— Norwe iko na ngamia? akauliza Olow.

Hilo lilitusumbua kidogo.

— Ndiyo maana ni profesa, akasema Maalim. Angefundisha kitu kila mtu anajua, wangemwita wa nini?

— Sawa. Wakimnyima Nairobi, mimi nampeleka Mandera na lori, anavuka mto Daua kuingia Ethiopia, anapanda ndege Adis. Atafika akinuka mbuzi, lakini wallahi atafika.

— Na kwa pasipoti wataandika nini? akauliza Maalim. Ametoka na mbuzi?

Hata Salah alicheka. Hapo ndipo Mama Faduma, mama yao, alipotokea akipapasa ukuta. Alikuwa amesikia kwamba barua imefika. Tukampisha, nikaisoma tena yote. Alisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo wenzangu hawajawahi kuliweza.

— Hiyo yote ni ya kuingia kwao, akasema. Na ya kuingia hapa? Kadi ya pinki mtoto wangu anayo?

Mikono yote ikaenda mifuko ya shati. Kadi zetu zilikuwemo, zile serikali iliyotupa sisi Wasomali mwaka themanini na tisa kuonyesha ni raia wa Kenya, baada ya wazee kuhojiwa babu zetu ni akina nani. Mwenye sura kama yetu havuki daraja la Tana kwa raha bila hiyo kadi, na Shuaib aliondoka miaka miwili kabla. Saa nzima tulikuwa tumempitisha Norwe, Adis na Mandera. Darajani, hapo chini tu, hakuna aliyempitisha. Niliona aibu.

— Kahawa imeisha, akasema Maka.

Mama Faduma hakuinuka.

— Andika aje.

— Hooyo, wakimzuia? akauliza Salah.

— Nitakaa pale kwa beria toka asubuhi. Mimi nilimzaa, nitamwambia askari.

— Na macho yako?

— Askari ndiye atamwangalia. Mimi nitamsikia akisalimia.

Olow akasema atampeleka mama darajani na lori, tena atalipangusa. Maalim, aliyemfundisha Shuaib alifu, akaahidi kuja na wazee wawili waliokaa kwenye mahojiano yale. Nikahesabu waliojitolea, nikajiongeza mimi, nikaandika: "Njoo. Barua ya mkuu wako usiisahau. Visa iombe siku ya kwanza Nairobi, ndipo uje. Kadi ya pinki huna, lakini darajani utatukuta watu sita."

Salah akaninyang'anya kalamu. Akafuta sita, akaandika saba.