Malaria ya Kila Jumatatu

Sikilizeni wanangu, na wewe wanayekuita Kaka Mkubwa sogea, usijifiche nyuma ya mlango, harufu yako imeshatangulia kuingia. Niinueni huu mto. Daktari aliwaambia kule kwenye korido kwamba moyo wa mama yenu umechoka, mkadhani sisikii. Moyo umechoka, sawa, mdomo bado, na leo mtanisikiliza mpaka pumzi iniishie.

Nyumba hii ina mtu anayeugua malaria kila Jumatatu, miaka nenda miaka rudi! Mteja akija na gunia lake la mahindi akakuta mashine ya kusaga imefungwa, wewe dada mtu unatoka mbio, samahani, kaka ana malaria. Mkewe akionekana jicho limevimba, mnasema aliteleza bafuni. Malaria gani hiyo inayonuka pombe? Mbu gani huyo anayeuma Jumapili tu? Mnamfunika, mnamfunika, na yeye anazidi kunywa humo humo ndani ya blanketi lenu.

Sasa tumemkata mtu. Msagaji wetu alizima mashine, akaingiza mkono kurekebisha mkanda, na huyu ndugu yenu, macho mekundu, hajielewi, akaja akaiwasha bila kuuliza. Vidole vikaenda. Halafu mkakaa sebuleni kwangu, mkinywa chai yangu, mkakubaliana kusema kwamba msagaji alikuwa mzembe. Hivi hamna haya nyie? Juzi mke wa msagaji alikuja hapa kunijulia hali, akaniomba radhi kwa uzembe wa mumewe. Akaniomba radhi mimi! Niligeukia ukutani nikalia kwa hasira.

Basi shikeni haya. Mashine nakuachia wewe, binti yangu, na siku utakapomkabidhi kaka yako ufunguo kabla hajaacha pombe, ujue umenitukana kaburini. Vile vyumba viwili vya uani ni vya msagaji na mkewe, viandikwe kwa jina lao. Kesho nendeni kwao nyote mkaseme ukweli, na msemaji awe Kaka Mkubwa mwenyewe. Akikwama, msimsaidie hata neno moja. Nikifa usiku huu, msinizike kabla hamjakwenda.

Na wewe, mwanangu wa kwanza. Nimekasirika hivi kwa sababu nakupenda, ningekuwa sikupendi ningekuachia mashine uiuze uinywe yote mwezi mmoja. Kuna wodi ya kutibu walevi, mkeo anaijua, alikwenda kuuliza peke yake huku hawa wakimwambia anaiaibisha familia. Nenda naye. Usiniambie kesho kutwa.

Ngojeni... nipumue. Mungu awatunze wanangu, awape riziki ya halali, awape ndimi za kusema kweli hata ikiwachoma. Semeni amina. Kwa sauti, bwana, mimi ndiye mgonjwa hapa.

Koo limekauka. Kaka Mkubwa, niletee maji. Wewe binti, kaa chini! Nimemtuma yeye. Mwacheni na mikono yake inavyotetemeka, mwacheni, asishikiwe kikombe... Haya. Maji yote yamenimwagikia kifuani. Hapana, msinifute. Usilie umesimama, baba, lia huku unatembea. Nenda kajaze tena. Polepole... Mama yako anakusubiri.