Mama Nukta na Herufi za Kaka Yake

Ijumaa tarehe 30 Juni, saa kumi jioni, mchora herufi wetu atafunga droo yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na minne katika kiwanda hiki cha uchapaji. Sote tunamwita Mama Nukta, maana nukta ya i ikikaa upande hata kidogo, kazi inarudi.

Alianza kwa kupanga herufi za madini ya risasi, moja moja, vidole vyeusi tii. Kompyuta zilipoingia, akawa wa kwanza kuzizoea na wa mwisho kuacha kuzigombeza. Hapiti mbele ya kibao cha duka bila kukikagua. Aliwahi kuchelewa harusi ya mpwa wake kwa sababu ya neno SALUNI, ambalo L yake ilikuwa imeachana na U. Alipofika ukumbini, picha zilikuwa zimeshapigwa.

Miaka minne iliyopita, kaka yake mkubwa, fundi viatu, alijiandikisha darasa la watu wazima ajifunze kusoma. Baada ya wiki sita akatangaza kuwa anaacha, kwamba kichwa chake kimezeeka. Mama Nukta akakifungua kitabu cha darasa, ambacho, kwa aibu yetu, kilichapwa hapa hapa. Neno la kwanza lilikuwa "Ilikuwa", na I kubwa na l ndogo zilikuwa vijiti viwili visivyo na tofauti yoyote. Akamwahidi kaka herufi mpya kabla ya mwaka kwisha, mradi asiache darasa. Kaka akakubali shingo upande.

Tatizo ni kwamba hadi siku hiyo alikuwa akipanga tu herufi zilizobuniwa na wengine; yeye alikuwa hajawahi kubuni hata moja. Akaanza na ile aliyoiona nzuri kuliko zote: Q. Wiki saba alikuwa akiupinda mkia wake. Alipoibandika ukutani tukaimwagia sifa, mpaka fundi wa mashine ya kukatia karatasi alipouliza kwa upole, "Dada, na hii utaandikia neno gani?"

Mwenyewe ndiye aliyecheka wa kwanza, ingawa wiki saba zilikuwa zimekwenda na maji.

Akaanza upya, safari hii na n na o. Mguu na tao la n vikampa m, h na u. Tumbo la o likampa b, d na p. Kisha akaja kwenye a, ambayo lugha yetu haipumui bila yake. Ile l ndogo akaikunja mguu. Kila Jumamosi alipeleka karatasi kibandani kwa kaka, na herufi iliyomchanganya ilirudi mezani bila mjadala. Mteja alikuwa mgumu kweli: g aliikataa mara tisa. Mimi, msahihishaji wa kiwanda, nilikuwa nikihesabu siku kwa hofu.

Zilikamilika siku nne kabla ya mwaka kwisha, na kaka alikuwa bado yumo darasani. Leo vitabu vyote vya darasa lile tunavichapa kwa herufi hizo.

Mama Nukta, asante kwa ukali wako na kwa kicheko chako. Tutavikumbuka vyote viwili. Nenda ukapumzike kwa heri na afya tele. Wasifu huu umepangwa kwa herufi zako. Mimi nimeuandika tu. Atakayesimama kuusoma mbele yetu sote, toka neno la kwanza, ni kaka yako. Kaa kiti cha mbele, umsikilize.